Somo la Nyumbani: Plastiki Iliyoyeyukia Juu ya Jiko la Kioo



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya upandaji wa miche, upaliliaji, uchumaji na uanikaji wa karafuu. Leo tumeona tuingie jikoni. Hapana shaka yupo atakayeuliza, "Jiko na karafuu wapi na wapi?" Jawabu yake ni nyepesi. Fedha ya karafuu haikai shambani. Huja nyumbani ikawa bati, ikawa ada ya skuli, ikawa cherehani, na siku hizi katika baadhi ya nyumba ikawa jiko la umeme lenye uso wa kioo. Na kitu kilichonunuliwa kwa mchumo mzima chaweza kuharibika kwa dakika mbili na kisu cha kumenyea muhogo. Mimi ninayeandika somo hili ni mmoja wa walioharibu, na nitaeleza ilivyokuwa.

Wazee wetu walipika kwa mafiga, kisha ikaja seredani, na mtu akimwagikiwa na kitu juu ya mafiga hakuwa na la kufikiri. Mwaka 2010 waya uliolazwa chini ya bahari ulileta umeme Pemba kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa kikitegemea mashine za dizeli. Tangu wakati huo vyombo vya umeme vimezidi kuingia majumbani, na vyombo hivi vina adabu zake ambazo hatukuzirithi kwa mtu. Yapasa tufundishane.

Kwanza mtu ajue jiko lake ni la namna gani, kwani majiko yenye kioo juu yako ya namna tatu, na kinachofaa kwa hili chaweza kulivunja lile. La kwanza ni la umeme ambalo chini ya kioo mna waya unaowaka mwekundu. Moto hupenya kioo ukafika kwenye sufuria, na kioo chenyewe hushika moto mkali, hata kikapita digrii 500 za sentigredi. La pili kwa sura ni ndugu yake, lakini halina waya wa moto. Hupika kwa nguvu ya sumaku, na hutaka sufuria ya chuma ambayo sumaku huinasa. Kioo cha jiko hilo hupata moto kutoka kwenye sufuria tu. La tatu ni la gesi, ambalo vichwa vyake vya moto vimetokeza juu ya bamba la kioo.

Kioo cha namna mbili za kwanza si kioo cha dirisha, na asili yake ni makosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu Donald Stookey wa kampuni ya vioo ya Corning, Marekani, alitia kipande cha kioo katika tanuri akikusudia digrii 600. Tanuri likaharibika, moto ukapanda mpaka 900. Alitaraji kukuta kioo kimeyeyuka. Akakuta kipande kizima, kimegeuka cheupe, na kilipomponyoka kikaanguka chini hakikuvunjika. Ndani yake zilikuwa zimeota chembe ndogo mno, mfano wa chembe za chumvi, nazo ndizo zilizokipa nguvu. Tangu mwaka 1971 kiwanda cha Schott cha Ujerumani kimekuwa kikitoa kioo cha jamaa hiyo kwa ajili ya majiko. Sifa yake kubwa ni kuwa hakitanuki kwa moto wala hakinywei kwa baridi, ama kikifanya hivyo ni kidogo mno. Msomaji aiweke sifa hii akilini, maana ndiyo ufunguo wa somo letu.

Kioo cha jiko la gesi ni kingine kabisa. Hicho kiwandani kilipashwa moto kikapozwa kwa ghafla ili kiwe kigumu, na siku kinapopata jeraha hakipasuki vipande viwili. Humwagika chote kikawa changarawe.

Sasa khabari ya nyumbani kwangu. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2023. Mke wa mwanangu alikuwa akitayarisha futari, mara umeme ukakatika. Jiko letu ni la namna ya kwanza, na lina taa ndogo nyekundu inayomjuulisha mtu kuwa kioo kingali na moto. Umeme ulipokatika na taa ile nayo ikazimika. Akaepua sufuria, akapapasa gizani kutafuta pahala pa kuweka kawa. Zamani kawa lilikuwa la ukili. Hili lilikuwa la plastiki, la dukani. Akaliweka juu ya kioo. Tulinusa kabla ya kuona.

Umeme uliporudi tulikuta ukingo wa kawa umelala juu ya kioo kama nta, upana wa kiganja. Bibi wa nyumba akasema itolewe pale pale. Mimi nikasema, "La, mtaungua. Iacheni ipoe, asubuhi nitaibandua mwenyewe." Likafuatwa neno langu.

Asubuhi nilichukua kisu, nikapenyeza ncha chini ya plastiki, nikakitilia nguvu. Ikatoka kwa mlio. Nilifurahi mpaka nilipoigeuza: upande wa chini ilikuwa imebeba ganda la kioo, jembamba kama gamba la samaki, na juu ya jiko pamebaki kishimo cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nusu ya plastiki ilikuwa bado iko. Nikakiweka kisu, nikaenda kumwita kijana mmoja wa jirani, fundi, aliyefanya kazi miaka mingi katika majiko ya mahoteli huko Maskati.

Alipokuja alikitazama kishimo, hakusema kitu juu yake. Akauliza tu, "Mzee wangu, nani aliyekwambia ungoje?"

Nikamjibu, "Akili yangu."

Akacheka kwa adabu, akaomba wembe na kitambaa cha pamba. Nusu iliyobaki aliitoa kwa muda mfupi, nayo ilikunjika mbele ya wembe kama ganda la ndizi. Kioo chini yake kilikuwa kizima. Kwa hiyo juu ya jiko langu pana ushahidi wa njia mbili, ubavu kwa ubavu, za plastiki moja na siku moja.

Yule kijana alinieleza sababu, na baadaye niliifuata mwenyewe nikaikuta ni kweli. Vyombo na mifuko mingi tunayotumia ni ya plastiki iitwayo polithini. Ile laini ya mifuko huyeyuka baina ya digrii 105 na 115. Ile ngumu ya ndoo na madumu huyeyuka kwa kiasi cha 130. Nyingine iitwayo polipropilini, ambayo hufanyiwa viti na vyombo vya chakula, hungoja mpaka kiasi cha 160. Zote ziko chini mno ya moto wa jiko. Inapoyeyuka hutambaa ikaingia katika kila kijishimo cha kioo kisichoonekana kwa macho, ikashika. Kisha ikianza kupoa hunywea. Polithini ngumu ikitoka katika hali ya kuyeyuka mpaka kupoa hupungua kiasi cha milimita 2 au 3 katika kila milimita 100, na pengine zaidi. Kioo, kama tulivyosema, hakinywei. Hapo pana wawili waliofungwa kamba moja, mmoja anarudi nyuma na mwenziwe hasogei. Sharti kitu kikubali. Plastiki ikiwa nyembamba huachia yenyewe. Ikiwa nene huvuta, na kioo hukaa katika mvuto huo usiku kucha kikiwa karibu na kushindwa. Anapokuja mtu asubuhi na kisu, kazi iliyobaki ni ndogo.

Mabibi wanaopika kashata wanalijua jambo hili bila ya kitabu. Kashata hukatwa ingali na uvuguvugu. Ukiingoja ikapoa, kisu hakiendi unakotaka wewe, huenda inakotaka yenyewe. Na hapa niongeze kuwa sukari iliyomwagika juu ya kioo chenye moto, iwe ya sharubati, ya jamu au ya uji mtamu, hufanya uharibifu ule ule wa plastiki na hutolewa kwa njia ile ile. Mchuzi na mafuta haviharibu hivyo, hivyo hungojewa.

Basi ikitokea plastiki kuangukia jiko la namna ya kwanza, likiwa limewaka, neno la mwanzo ni kuzima jiko. La pili ni kuondoa watoto na kufungua madirisha, maana moshi wa plastiki ni mbaya kwa kifua, na kuna plastiki za mabomba na nyaya za umeme ambazo moshi wake una tindikali. Ikiwa imeshika moto, usiimwagie maji. Ifunikie sufuria ya chuma mpaka ife. Kisha ondoa kile kipande kizima ambacho bado hakijayeyuka, uvae glavu nene ya pamba au uzungushe kitambaa kikavu cha pamba mkononi. Nasema pamba kwa kusudi. Glavu ya mpira mwembamba, kitambaa cha nailoni na sponji ya kuoshea vyombo vyote vyaweza kuyeyuka vikazidisha balaa.

Usikwangue kioo kikiwa katika ukali wake. Ngoja kidogo, si mpaka kipoe, illa mpaka moshi ukome na plastiki iwe nzito kama nta ya nyuki. Kwa mwiko wa mti wenye ukingo ulionyooka isukume itoke katika duara la moto iende upande wa kioo ulio baridi. Huko iokote. Ile iliyobaki kwenye duara, ikiwa bado laini, itoe kwa wembe wa upande mmoja uliotiwa katika mpini, ambao huuzwa kwa ajili ya kazi hii na ya kukwangulia rangi vioo vya madirisha. Ulaze wembe, pembe yake baina ya wembe na kioo iwe kiasi cha digrii 30, na usukume mbele kwa mkono mwepesi. Wembe uliolazwa haukwaruzi. Uliosimamishwa kwa ncha hukwaruza, na ulioingia kutu au pengo hukwaruza vyovyote utakavyoushika. Kila msukumo mmoja, pangusa wembe. Utando mwembamba utakaosalia uache mpaka kioo kipoe kabisa, kisha usugue kwa soda ya kupikia iliyokorogwa kwa maji kidogo na kitambaa laini. Soda ni laini kuliko kioo, haikidhuru.

Na ikiwa umechelewa na plastiki imekwisha ganda, kama ilivyokuwa kwangu, usiibandue. Irudishe katika ulaini. Washa duara lile kwa moto mdogo kabisa wa jiko, usimame hapo hapo, usiende kuitika hodi. Muda si muda utaona plastiki inabadilika mng'aro pembezoni. Hapo zima, ujaribu ukingo kwa wembe. Ukikubali, endelea, ukikataa, washa tena kidogo. Ukiona moshi umezidisha: zima ungoje. Fundi wangu aliwasha na kuzima mara tatu kabla ya kumaliza nusu ile. Kazi hii haitaki nguvu hata kidogo, na mahala unapojiona unatumia nguvu ndipo unapokosea.

Wengine husema tia barafu juu ya plastiki ili iwe kavu na ikatike. Wapo waliofanikiwa kwayo, khasa kwa utando mwembamba. Mimi kwa plastiki nene siishauri, kwa sababu baridi ndiyo inayoinywesha plastiki, na kunywea ndiko kunakovuta kioo.

Jiko la sumaku haliwezi kujipasha moto bila ya sufuria, kwa hiyo njia ya kuliwasha haipo. Chovya kitambaa kinene cha pamba katika maji yaliyochemka, ukitoe kwa kijiko, ukilaze juu ya plastiki dakika chache, ukibadilishe kinapopoa. Plastiki haitayeyuka kwa moto huo lakini italegea, na wembe uliolazwa utaimaliza. Angalia tu maji yasifike penye vitufe vya kuwashia.

Jiko la gesi ni la kuogopwa zaidi. Usikipashe moto kioo chake, usikitie barafu wala maji baridi kikiwa na moto, na usikikwangue kwa chuma, khasa pembezoni. Funga gesi, kiache kipoe chenyewe, kisha ulaze kitambaa cha maji ya moto, si ya kuchemka, na plastiki inapolegea ibandue kwa ukingo wa kadi ngumu au kijiko cha mti. Ikikataa, heri uiache ilivyo na upike kichwa cha pili mpaka apatikane fundi. Na kwa kuwa tumetaja gesi, nitoe onyo moja jingine: sufuria pana mno ya pilau ya shughuli, inayofunika kichwa cha moto ikapita mipaka, huurudisha moto chini juu ya kioo. Vioo vya namna hiyo vimewahi kupasuka kwa sufuria, bila ya plastiki yoyote.

Sasa mambo ya kujiepusha nayo. Sisi tumelelewa kusugua masufuria kwa jivu na mchanga, na masufuria yaking'aa. Juu ya kioo mchanga ni adui, maana ni mgumu kuliko kioo, na kila alama utakayoikwaruza itakuwa mwanzo wa ufa. Waya wa kusugulia sufuria nao usikaribie. Petroli, mafuta ya taa na tina ya kuchanganyia rangi ni khatari juu ya kitu chenye moto, na tena hazina faida, kwa kuwa polithini iliyopoa haiyeyuki ndani yake. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe huacha alama ambazo jiko likiwaka hugandia.

Mwanachama mmoja aliniuliza kama mafuta yetu ya karafuu hayawezi kuitoa. Nilipenda swali lake, kwani hapa Pemba tunakamua mafuta ya makonyo pale Wawi, na anayeyashughulikia anajua kuwa yana nguvu. Ni kweli mafuta ya karafuu hula plastiki ya namna moja, ile nyeupe nyepesi ya vikombe na visanduku vya chakula vya kutupa. Ukiyatia humo chombo hulainika na kutoboka. Lakini polithini na polipropilini hayaiyeyushi, na ukiyapaka juu ya jiko kisha ukaliwasha utapata moshi mwingine juu ya ule wa kwanza. Mafuta yabaki kwenye chupa yake ya kioo.

Mtu akimaliza kusafisha aangalie kioo kwa kuinama, macho yawe sawa na uso wa jiko, na taa iwe upande wa pili. Kishimo na ufa huonekana hivyo. Kishimo hakizibiki, hakuna gundi inayostahimili moto ule, na watengenezaji wenyewe husema kioo kilichotoka ganda hubadilishwa. Ufa ni neno jingine. Jiko lililopata ufa uliopenya lisitumiwe hata kwa kuchemsha chai, kwa kuwa maji yaliyofurika huingia chini yakakutana na nyaya zenye umeme. Zima swichi kubwa ya ukutani kwanza, ndipo uligusepo.

Na kwa sababu umeme wetu hukatika, kila nyumba yenye jiko la namna ya kwanza iwe na ada moja: taa ikizimika kwa kukatika umeme, isihesabiwe kuwa kioo kimepoa. Kihesabiwe kina moto kwa nusu saa nzima. Sisi nyumbani tumerudisha kawa la ukili, na mahala pake ni msumarini, mbali na jiko.

Kioo kipya nilikiulizia. Bei yake ilikaribia bei ya jiko zima, na mchumo ulikuwa bado. Maduara matatu yanapika kama kawaida. La nne, la mbele upande wa kushoto, nimelifunika kisahani cha udongo, na bibi wa nyumba hukitazama kila apitapo, wala hasemi neno.